Maji Yaliyopotezewa Njia: Uchambuzi wa Kisa cha Jumba la Mashambani la Tajiri wa Viwanda

Utangulizi

Kisa hiki kinahusu milki ya kihistoria iliyoko kaskazini-mashariki mwa Marekani, ambayo ilijengwa na mwenye kiwanda cha mitambo mwanzoni mwa karne ya 20 na ambayo leo ni makumbusho chini ya taasisi isiyo ya faida. Nilihusika nacho nikiwa mmoja wa washauri watatu wa hifadhi ya majengo walioitwa baada ya maktaba ya jumba hilo kufungwa kwa sababu ya unyevu. Majina ya milki, ya familia, ya mji na ya taasisi nimeyaondoa, na vipimo kadhaa nimevitaja kwa makadirio ili mahali pasitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za kila uamuzi nimeviacha kama vilivyokuwa.

Nakiandika kwa ajili ya wale wanaobeba dhamana ya majengo ya aina hii: wadhamini, wasimamizi, wasanifu majengo na mafundi. Hoja yangu ni kwamba milki ya tajiri wa viwanda ilijengwa kama mtambo mmoja, na mtu anayehifadhi jumba peke yake huku akiliacha zizi, bustani ya mboga na mitaro yake anakuwa amehifadhi kipande cha mtambo ambacho hakiwezi kuendelea kuishi bila vingine.

Jumba lililojengwa kama mtambo

Kuanzia miaka ya 1890 hadi 1930 matajiri wengi wa viwanda wa Marekani walijijengea makazi mashambani, mbali na moshi wa viwanda vilivyowatajirisha. Frank Seiberling, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya matairi ya Goodyear, alijenga Stan Hywet huko Akron, Ohio, kati ya 1912 na 1915. Katika miaka hiyohiyo Henry Ford alijenga Fair Lane kando ya mto Rouge huko Dearborn, Michigan, na jumba lake likapata umeme kutoka katika nyumba ya mitambo iliyoendeshwa kwa maji ya mto huo. Uingereza ilikuwa imetangulia. William Armstrong, mtengenezaji wa kreni za nguvu za maji na mizinga, aliyapa maji ya Cragside, milki yake ya Northumberland, kazi za kila namna, ikiwemo kuendesha lifti ya ndani ya nyumba, na mwaka 1878 maji hayo yakamwashia taa ya umeme.

Mgeni anayeingia katika majumba haya huonyeshwa mbao zilizochongwa, mazulia na picha. Wenyewe walijivunia pia mambo ambayo mgeni hakuyaona, yaani mabomba, matangi, tanuri na mahandaki, kwa sababu hiyo ndiyo kazi waliyoijua tangu ujanani.

Milki ya kisa chetu ilikuwa ya namna hiyo, ingawa ndogo zaidi. Jumba la matofali lenye vyumba zaidi ya 40 lilisimamishwa katikati ya mteremko mrefu muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Juu yake, upande wa kaskazini, palikuwa na shamba la ng'ombe wa maziwa, bustani ya mboga iliyozungushiwa ukuta, nyumba za vioo za kuoteshea maua, na safu ya nyumba za wafanyakazi. Chini yake, upande wa kusini, palikuwa na baraza la mawe, bustani ya maua iliyoshuka kwa ngazi, na bwawa.

Mwenye milki, ambaye alianza maisha ya kazi akichora pampu, alijua kwamba kujenga katikati ya mteremko wenye chemchemi ni kuyaalika maji ndani ya nyumba. Kwa hiyo alichimba mtaro wa kukinga maji juu ya jumba na kulaza ndani yake mabomba ya udongo wa kuchomwa ambayo maungio yake hayakuzibwa, ili maji ya ardhini yaingie. Mabomba hayo yalimwaga maji katika chemba moja nyuma ya zizi, na kutoka hapo yalishuka kwa kalvati ya matofali iliyolizunguka jumba upande wa mashariki hadi bwawani. Sehemu ya maji hayo ilijaza tangi la nyumba za vioo. Naona ni kazi nzuri kuliko chumba chochote cha jumba lile, na haikuhitaji moto wala umeme. Ilihitaji mtu wa kusafisha wavu wa chemba kila mwaka majani yanapopukutika.

Ardhi ilivyopungua

Kodi ya mapato ya taifa ilipata msingi wa kikatiba mwaka 1913, kodi ya mirathi ikafuata mwaka 1916, na mwaka 1929 soko la hisa likaporomoka. Familia nyingi zilizokuwa na uwezo wa kujenga hazikuwa tena na uwezo wa kutunza. Milki zikakatwa vipande. Stan Hywet, iliyowahi kuwa na takriban ekari 3,000, ilikabidhiwa kwa taasisi isiyo ya faida mwaka 1957 na leo ina ekari 70. Wachache walijiandaa: Pierre du Pont, aliyenunua Longwood huko Pennsylvania mwaka 1906 ili kuokoa miti yake isikatwe, aliiacha na wakfu mkubwa, na bustani zile hadi leo zinafanyiwa matengenezo makubwa ambayo wengine hawawezi hata kuyaota.

Mwanzilishi wa milki yetu alifariki katika miaka ya 1930. Mjane wake alibaki na wafanyakazi wachache kati ya wale 30 na ushei waliokuwapo awali. Katika miaka ya 1960 warithi walikabidhi jumba, vyombo vyake na ardhi iliyosalia kwa taasisi iliyoundwa kwa kazi hiyo. Hati ya makabidhiano, ambayo niliisoma mara kadhaa, inataja kila picha na kila zulia, lakini kuhusu maji haina neno. Wakfu ulioambatana nayo ulitosha mishahara ya watu wawili.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 paa la mawe bapa lilihitaji kubadilishwa sehemu kubwa, na fedha hazikuwapo. Bodi iliamua kuuza ardhi. Swali la ipi iuzwe lilijibiwa kwa njia iliyoonekana ya busara wakati huo: wajumbe walisimama barazani, mahali ambapo mwenye milki alizoea kuwapokea wageni wake, na kila kilichoonekana kutoka hapo kikatengwa kisiuzwe kamwe. Baraza linatazama kusini. Shamba, bustani ya mboga, nyumba za vioo na nyumba za wafanyakazi viko kaskazini, nyuma ya jumba, na havionekani. Viliuzwa kwa mjenzi wa nyumba za makazi. Barabara mpya ilikata mtaro wa kukinga mahali pawili, chemba ikaangukia kwenye kona ya kiwanja cha jirani, na mkataba wa mauzo haukuihifadhia taasisi haki yoyote ya kupitisha wala kutunza maji ndani ya ardhi iliyouzwa.

Paa lilitengenezwa, na vizuri. Kwa karibu miaka 20 hapakutokea jambo, na kimya hicho ndicho kilichofanya baadaye iwe vigumu mtu yeyote kuhusisha mauzo na unyevu. Maelezo yake tuliyapata mwishoni. Maji yaliyokosa njia yaliingia kwenye kokoto zilizojazwa chini ya barabara mpya na kutawanyika humo, hadi tope lilipojaza nafasi baina ya kokoto. Kuanzia hapo maji yalianza kupanda ardhini na kuuegemea ukuta wa kaskazini wa jumba.

Matukio na maamuzi

Dalili ya kwanza ilionekana katika ushoroba wa chini ya ardhi, ambako unga mweupe wa chumvi ulitokeza juu ya matofali. Miezi michache baadaye mbao za ukuta wa kaskazini wa maktaba, iliyo juu ya ushoroba huo, zilianza kuvimba na kupinda. Msimamizi alimwita mkandarasi wa paa, naye akakuta gata moja imepasuka. Ilizibwa. Gata ile ilikuwa imepasuka kweli, na kuziba kwake kulikuwa sahihi, lakini kila mtu akaamini kwamba chanzo kimepatikana.

Mwaka wa pili unyevu ulipoendelea, yalifanyika mambo mawili yaliyozidisha madhara. La kwanza, mkandarasi mwingine aliziba upya maungio ya matofali ya nje, sehemu ya chini ya ukuta, kwa saruji ngumu, na kuupiga lipu ya saruji upande wa ndani wa ushoroba. Ukuta ule ulikuwa umejengwa kwa udongo wa chokaa, yaani mchanganyiko wa chokaa na mchanga unaoshikanisha matofali, ambao ni laini kuliko tofali na hupumua, kwa maana kwamba unyevu hutoka kupitia maungio na tofali likabaki salama. Saruji ngumu huufunga mlango huo, na maji hulazimika kutokea kwenye uso wa tofali lenyewe. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9. Baada ya majira moja tu ya baridi nyuso za matofali zilianza kubanduka na kuanguka kama magamba.

La pili lilifanywa kwa nia njema kabisa. Wafanyakazi walifungua madirisha ya ushoroba wakati wote wa kiangazi na kuweka feni ili hewa ikaushe kuta. Hewa ya kiangazi yenye joto la nyuzi 27 na unyevunyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi 18 na nusu hivi, na ukuta wa chini ya ardhi wa jumba lile ulikuwa na nyuzi 16. Kila dirisha lililofunguliwa liliingiza maji. Nimekuta kosa hili katika majengo mengi kiasi kwamba sasa ni swali ninaloliuliza mlangoni kabla ya kuvua koti.

Mwaka wa tatu sakafu ya maktaba ilianza kubonyea karibu na ukuta. Mbao zikifunuliwa, ncha za boriti sita zilikutwa zimeoza. Kuvu wanaoozesha mbao hawashiki ikiwa unyevu wa mbao uko chini ya asilimia 20, na hizi zilikuwa zimepita kiwango hicho kwa mbali. Maktaba ilifungwa, vitabu vikahamishwa, na kikao cha bodi kikapendekeza kuuza picha mbili za thamani kugharamia ukarabati mkubwa. Hapo ndipo tulipoitwa.

Ni lazima niseme kwamba nami siku ya kwanza nilifanya kosa lilelile la walionitangulia. Niliingia maktabani, nikatazama dari, nikapanda paani, na ripoti yangu ya awali ilikuwa na kurasa nne juu ya gata na aya moja juu ya ardhi. Mwenzangu, mhandisi wa udongo, ndiye aliyeuliza kwa nini ukuta uliolowa ni wa kaskazini pekee, ilhali mvua ya pale hupiga zaidi kutoka mashariki. Swali hilo lilibadilisha kazi nzima.

Uamuzi wetu wa kwanza ulikuwa kusimamisha kila ukarabati kwa mwaka mzima, isipokuwa kuegemeza sakafu kwa nguzo za muda. Haukupendwa. Wafadhili hutaka kuona jukwaa la waashi, na mwaka wa vipimo hauna kitu cha kupiga picha. Tuliutetea kwa sababu moja: fedha zilikuwa zimeshatumika mara mbili kwa kukisia. Tuliweka vipimo vya unyevu ukutani na mirija ya kupimia kina cha maji ardhini, juu na chini ya jumba. Kabla ya majira ya baridi tulikwisha kuona kwamba unyevu wa ukuta ulipanda na kushuka siku kadhaa baada ya maji ya mteremko wa juu, bila kujali mvua imepiga paa kwa kiasi gani siku hiyo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutafuta kumbukumbu. Michoro ya msanifu wa jumba ilikuwapo, imehifadhiwa vizuri, na haikuonyesha mfereji hata mmoja nje ya kuta. Bustani na maji vilikuwa kazi ya watu wengine, na karatasi zao hakuna aliyeona haja ya kuziweka. Kwa hiyo taasisi iliandika barua kwa familia za waliowahi kuajiriwa pale, jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika miaka yote ya uhai wake. Bibi mmoja mwenye zaidi ya miaka 80, binti wa fundi bomba wa mwisho wa milki, alikuja na daftari la baba yake. Ndani yake mlikuwa na orodha ya kazi za kila mwezi, na kwenye mwezi wa kumi ulirudiwa kila mwaka mstari wa kusafisha wavu wa nyuma ya zizi. Yeye mwenyewe akiwa mtoto alikuwa akitumwa kushika taa wakati baba yake yuko ndani ya chemba. Alitupeleka hadi kwenye ua wa jirani, akasimama kwenye kona, akatuonyesha chini kwa fimbo yake. Tulichimba nusu mita, tukaukuta mfuniko.

Kwa ruhusa ya jirani tulimimina kwenye chemba rangi ya kijani inayong'aa ambayo hutumika kufuatilia maji. Bwawani haikuonekana. Siku iliyofuata ilijitokeza kwenye sakafu ya ushoroba, chini ya maktaba.

Uchaguzi wa suluhisho

Mbele yetu palikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa pampu katika ushoroba, ambayo ingefanya kazi daima. Ya pili ilikuwa kufufua njia ya zamani ndani ya viwanja vya majirani. Ya tatu ilikuwa kuchimba mtaro mpya wa kukinga ndani ya ardhi iliyosalia, juu ya jumba, na kuuunganisha na sehemu ya kalvati ambayo kamera ilionyesha kuwa ingali nzima.

Bodi ilichagua pampu kwanza, kinyume na ushauri wetu, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ya haraka. Kabla ya mwaka kwisha, tufani ilikata umeme usiku, pampu ikasimama, na maji yakafika magotini katika ushoroba. Siku ile nilimkumbuka Henry Ford. Mnamo Aprili 1947 mto Rouge ulifurika na kuizima nyumba ya mitambo ya Fair Lane, na mtu aliyewapa mamilioni magari alikata roho usiku wa tarehe 7 katika jumba lisilo na umeme, kwa mwanga wa mishumaa na taa za mafuta. Pampu inayotegemea umeme humwacha mtu siku ileile ya tufani ambayo ndiyo anaihitaji.

Njia ya pili tuliiacha kwa masikitiko. Ingehitaji idhini ya wenye nyumba saba, na mizizi ya miti yao ilikuwa imeyavunja mabomba mengi ya udongo. Tulichukua ya tatu, kwa marekebisho mawili. Mtaro mpya ulipitishwa chini ya njia ya zamani ya mikokoteni, ili mti hata mmoja wa bustani ya kihistoria usikatwe mizizi. Na majirani wawili, wakiongozwa na yule mwenye kona ya chemba, walisaini makubaliano ya kuipa taasisi haki ya kufika kwenye chemba na kuisafisha. Walikubali upesi kuliko tulivyotarajia, na sababu yake ilitutia uchungu: viwanja vyao vilikuwa vikilowa kwa miaka mingi, na walikuwa wamekwisha kuiandikia taasisi barua mara mbili. Barua hizo zilikuwa ofisini, katika jalada la malalamiko ya majirani. Hakuna aliyekuwa amezisoma pamoja na taarifa za maktaba.

Kuhusu picha, tulishauri zisiuzwe. Maadili ya makumbusho ya Marekani huruhusu fedha za mauzo ya vitu vya mkusanyiko kutumika kununua vitu vingine au kutunza moja kwa moja vilivyopo. Kuzibia ukuta hakumo. Aidha, gharama ya mtaro ilikuwa ndogo kuliko iliyokwisha kutumika kwa gata, saruji na lipu kwa pamoja, na wafadhili wawili wa zamani walikubali kuibeba baada ya kuonyeshwa picha ya ile rangi ya kijani sakafuni.

Matokeo

Maji ya ardhini nyuma ya ukuta yalishuka ndani ya wiki chache. Ukuta wenyewe ulichukua muda mrefu, kama inavyotarajiwa: mafundi hukadiria takriban mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na ukuta ule ulikuwa na zaidi ya inchi 20. Lipu ya saruji ilibanduliwa kwanza, kwani ukuta usingekauka ikiwapo. Saruji ya nje ilikwanguliwa kwa patasi za mkono na kubadilishwa kwa chokaa, na katika kuikwangua tulipoteza kingo za matofali mengi ambayo yangalikuwa salama kama yasingeguswa kamwe. Ncha za boriti zilikatwa na kuungwa kwa mbao za aina ileile.

Maktaba imefunguliwa tena, lakini si kama ilivyokuwa. Mbao za ukuta wa kaskazini zilipotea karibu zote. Tulijadiliana sana kama zichongwe upya kwa kuiga zilizosalia, na mwishoni tukaweka mbao nyoofu za mwaloni zisizochongwa, ambazo kila mgeni huziona na kuuliza. Bado nina shaka na uamuzi huu. Mwenzangu wa tatu aliupinga hadi dakika ya mwisho, akisema chumba kilibuniwa kiwe kizima na kimeachwa na jeraha; mimi niliuunga mkono kwa sababu jeraha hilo ni sehemu ya historia ya jumba.

Bustani ya mboga na nyumba za vioo hazipo tena na hazitarudi.

Kilichofaa na kilichoharibu

Wenzangu kadhaa waliosoma rasimu ya uchambuzi huu walihitimisha kwamba bodi ya miaka ya 1980 ilikosea kuuza ardhi. Sikubaliani nao. Bila paa jumba lisingekuwapo, na milki nyingi zilizo hai leo zinaishi kwenye sehemu ndogo ya ardhi yake ya zamani. Kosa lilikuwa kuuza bila kujua kinachouzwa. Upimaji wa wiki mbili, au mazungumzo ya alasiri moja na binti wa fundi bomba ambaye wakati ule alikuwa na miaka 60 tu, ungeliweka katika mkataba kifungu kimoja cha haki ya maji, na mjenzi angelikubali bila ubishi, kwa kuwa hata nyumba zake zingelinufaika.

Kipimo cha kusimama barazani ndicho ninachokirudia mara nyingi ninapofundisha. Kiliihukumu milki kwa macho ya mgeni wa mwenye nyumba. Kila kilichofichwa ili mgeni asikione, yaani kazi na wafanyakazi, kilihesabiwa kuwa hakina thamani, na jumba lilikuwa linasimama juu ya kazi hiyohiyo. Hati ya makabidhiano ilikuwa na macho hayohayo, na hata mimi siku ya kwanza niliingia maktabani kabla ya kwenda nyuma ya jumba.

Muundo wa taasisi uliukuza upofu huo. Kamati ya jumba na kamati ya bustani zilikuwa na bajeti mbili, mikutano miwili na majalada mawili, na mipaka yao ilikuwa ukuta wa nje. Maji yalivuka mpaka huo kila siku, na taarifa hazikuvuka. Barua za majirani zilikwenda kwa mtu wa tatu kabisa. Kama ningeruhusiwa kubadilisha jambo moja tu katika taasisi za aina hii, ningeanzia hapa kabla ya kugusa tofali.

Upande wa mafundi, sioni haki kumlaumu mkandarasi wa gata, ambaye alitengeneza alichoitiwa. Kazi ya saruji ni suala jingine. Miongozo ya serikali ya Marekani kuhusu kuziba upya maungio ya kuta za kihistoria, inayopatikana bure kwa miongo mingi sasa, inaonya waziwazi dhidi ya udongo mgumu kuliko tofali, na aliyetoa zabuni alipaswa kuidai katika masharti yake.

Kilichotusaidia kuliko vingine ni mwaka wa kungoja. Vipimo vyake vilitupa sababu ya kutazama mteremko, na bila sababu hiyo barua kwa familia za wafanyakazi zisingeandikwa. Rangi ya kijani ilithibitisha tu kile ambacho daftari lilikuwa limekwisha kusema. Hata hivyo ndiyo iliyowashawishi wadhamini, na katika kazi hii ushahidi unaoonekana kwa macho ya asiye fundi una uzito wake.

Hali ilivyo sasa

Daftari la fundi bomba limetolewa nakala, na nakala hiyo iko katika ofisi ya matengenezo, si katika kabati la maonyesho. Kamati mbili zimeunganishwa. Kusafisha wavu wa chemba kumo katika ratiba ya mwezi wa kumi, na jirani mwenye kona hupigiwa simu wiki moja kabla. Kona ya kaskazini-mashariki ya ushoroba ingali na unyevu unaozidi sehemu nyingine, na kamera haikuweza kupita kwenye mita chache za kalvati zilizo chini ya mti mkubwa wa mwaloni. Tumeamua kuendelea kupima kwa miaka miwili zaidi kabla ya mtu yeyote kushika sururu.